Machozi ya Kuazima



Wazazi wengi wa hapa Dubai, hasa tuliosomea Kenya, tunapowafundisha watoto wetu insha huwafundisha kama tulivyofundishwa sisi. Mtihani wa KCPE, uliofanywa kuanzia mwaka 1985 hadi 2023, ulitaka insha ya alama 40 kwa dakika 40. Muda wa kutafakari ulikuwa mchache, basi tulikariri: machozi yatiririke njia mbili mbili, moyo udunde kama ngoma. Akifariki nyanya, maneno ni hayo. Akipotea mbuzi, maneno ni hayo hayo.

Swali langu si la alama. Je, ni halali kumfundisha mtoto kuwaliza watu kwa machozi aliyoyaazima?

Wapo watakaosema kwamba hadithi ni ya kubuni, na anayebuni hasemi uongo. Ni kweli. Lakini wahenga walinena: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Shaaban Robert alipomtungia shairi marehemu mkewe, Amina, kitanda hicho alikuwa amekilalia. Mtoto anayebandika kilio cha kukariri juu ya msiba asioujua huzoea kuuona uchungu wa mwenzake kama pambo. Hapo ndipo penye hasara, hata akipata alama zote.

Wengine hukimbilia upande wa pili, wakamwambia mtoto: andika lililokuumiza. Huko nako tuende kwa hadhari. Watoto wetu wanajua mengi: baba aliyeachishwa kazi huku viza inakaribia kwisha, mama anayemlea mdogo wao aliyeko nyumbani kwa njia ya simu. Hizo ni siri za nyumba. Mtoto asilazimishwe kuziuza ili apate sifa darasani. Naye ana haki ya kunyamaza.

Basi tumfundishe nini? Tumfundishe kutazama, na asilolijua aulize. Tuseme anaandika juu ya nyanya anayerudi Mombasa baada ya kuwatembelea wanawe. Tusimwulize, "Ulihisi vipi?" Tumwulize: Pale uwanja wa ndege mzigo ulipozidi kilo, nyanya alitoa nini sandukuni? Alikishika vipi? Alimkabidhi nani? Kama hakuona, apige simu amwulize nyanya mwenyewe. Akigundua kwamba alitoa viatu vyake vipya ili maziwa ya unga ya wajukuu wa kule yabaki, na akaandika hivyo tu, hana haja ya kutaja chozi. Msomaji atalitoa lake mwenyewe.

Mtoto huyo huenda asiwe mwandishi mashuhuri. Lakini atakuwa amejifunza kwamba kabla ya kusimulia uchungu wa mtu, yapasa kwanza kumtazama na kumsikiliza. Adabu hiyo itamfaa hata siku ambayo hana kalamu mkononi.