Wana wa Kora Mlangoni

Soma Hesabu 16, 26:9–11, 1 Mambo ya Nyakati 6:31–38.

Je, hatia ya baba humfuata mwana? Kora Mlawi alitamani ukuhani ambao hakupewa, na nchi ikammeza. Tungetazamia ukoo wake ukome hapo. Lakini Hesabu 26:11 yasema kwa ufupi kwamba wanawe hawakufa. Katika ukoo huo akazaliwa Samweli, na baadaye mjukuu wake Hemani, mwimbaji wa siku za Daudi.

Usiruke jina lililo katikati yao. Baba yake Hemani ni Yoeli, yule mwamuzi aliyepokea rushwa hata wazee wakadai mfalme (1 Samweli 8:1–5). Kumbe mwana wa nabii alipotoka, na mwana wa mla rushwa akawa mwonaji wa mfalme! Hemani alikuwa na wana 14 na binti 3, nao waliimba chini ya uongozi wake (1 Mambo ya Nyakati 25:5, 6).

Zaburi 11 zina jina la wana wa Kora. Mojawapo ni ya 84, ambamo mwimbaji aridhika kusimama mlangoni pa nyumba ya Mungu. Wakora walikuwa mabawabu kweli (1 Mambo ya Nyakati 9:19). Mahali hapo ndipo babu yao alipopaona padogo.

Kamati zetu nazo huuliza, “Huyu ni mtoto wa nani?” Je, kanisani kwenu ni nani amenyimwa huduma kwa sababu ya jina la baba yake? Na ni nani amepewa kwa sababu hiyo hiyo?