Filamu Ikiisha, Kazi Ndiyo Inaanza

Kijana wa Maua, wa Chuka, wa Runyenjes! Kibarua kimeisha, umelipwa, sasa umekaa unangoja kuitwa tena. Usingoje. Sikiliza habari za Bill Travers, mwigizaji Mwingereza ambaye maisha yake yaligeukia hapahapa kwetu.

Travers alipigana Vita vya Pili vya Dunia, akashuka kwa parachuti Malaya iliyokuwa mikononi mwa Wajapani. Amani ilipokuja akaingia kwenye uigizaji, na mwaka 1955 filamu ya Geordie ikampa jina. Mwaka 1957 akamwoa Virginia McKenna, naye nyota. Wangeweza kuishi kwa sifa hizo mpaka uzeeni.

Mwaka 1964 wakaja Kenya kuigiza Born Free, kisa cha George na Joy Adamson na simba wao Elsa, aliyezikwa katika Mbuga ya Meru. Hapakuwa na njia ya mkato: walitakiwa kutembea na simba halisi mpaka wazoeane. McKenna alirukiwa na simba mmoja, akavunjika kifundo cha mguu. Akapona, akarudi kazini. Filamu ikatoka mwaka 1966, dunia ikashangilia.

Hapo ndipo wengi hufunga virago. Simba wengi wa filamu hiyo walipelekwa kufungiwa kwenye bustani za wanyama. Watatu, Boy, Girl na Ugas, George aliwaleta Meru kuwafundisha kuishi porini. Travers akawafuata, safari hii na kamera yake, akatengeneza filamu ya ukweli kuhusu maisha yao mapya, The Lions Are Free.

Baadaye Travers na McKenna wakakutana na Pole Pole, mtoto wa tembo aliyekuwa apelekwe bustani ya wanyama ya London. Wakaomba aachiwe; wakashindwa. Tembo huyo akafa hukohuko mwaka 1983. Mwaka uliofuata Travers, mzee wa miaka 62, akaanzisha na mkewe shirika la Zoo Check, ambalo leo ni Born Free Foundation. Watu wake wamepiga doria katika mbuga yetu ya Meru, wakitegua mitego ya nyaya.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji naye ana miguu!

Uliigiza kwenye tamasha la shule? Andika mchezo wa mwaka ujao. Unachuma majani chai ya watu? Uliza bei inavyopangwa, uanze miche yako hata kwenye kipande cha babu. Unabeba watalii hadi Murera, lango la Mbuga ya Meru? Jifunze wanyama na njia zao, uwe wewe wa kuwaongoza ndani.

Usiniambie umechelewa, hujafika 62. Usiniambie uliomba ukanyimwa, nao walinyimwa. Kazi ya jana imekwisha kukuonyesha penye pengo. Inuka, ukalizibe wewe!