Saa ya Msomaji ni ya Nani?

Aghalabu mtu akiulizwa kwa nini hasomi vitabu, hujibu kwa maneno mawili: sina nafasi. Jibu hili hupokewa bila kuhojiwa, kana kwamba ni cheti cha daktari. Lakini Kiswahili kimetia mambo mawili ndani ya neno hilo moja. Nafasi ni wakati, na nafasi ni mahali. Mtu aweza kuwa na saa nzima asipate pembe ya kuketi. Na aweza kuwa na chumba kizima asipate dakika kumi. Tena neno lenyewe ni ndugu wa neno nafsi, kwa kuwa yote mawili yametoka katika shina moja la Kiarabu. Asemaye hana nafasi huenda amesema zaidi ya alivyokusudia.

Katika nyumba nyingi za kwetu, wakati na mahali hukosekana pamoja. Nyumba ninayokaa ina watu tisa: mke wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, mama yake mzazi, watoto wetu wanne, mjukuu mmoja, na binti wa mdogo wake mke wangu, aliyeletwa kutoka kijijini ili asome sekondari karibu na mjini. Hodi haziishi. Leo ni msiba wa jirani, kesho ni kikao cha harusi, kesho kutwa ni mgonjwa wa kupelekwa hospitali na mgeni wa kupokewa stendi. Sisemi haya kwa kulalamika. Nyumba isiyopigiwa hodi ni nyumba yenye upungufu, hata ikiwa na rafu za vitabu kutoka sakafuni hadi darini.

Ndani ya nyumba hiyo, katika mwaka mmoja uliokwisha, nilisoma vitabu 17. Idadi hiyo si ya kujivunia, wala si ya kuonea haya. Vingi nilivisoma kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa kumi na mbili na nusu. Vingine nikiwa katika basi. Kimoja nilikimaliza katika benchi la hospitali. Ofisini sikusoma hata ukurasa, kwa sababu saa za ofisi nimekwisha kuziuza, na aliyezinunua ni mwananchi anayesubiri dirishani. Lakini maelezo ya namna nilivyopata saa hizo hayana faida kubwa kwa msomaji wa insha hii. Swali lenye uzito ni jingine: nilizipata kwa nani? Saa haichimbwi ardhini kama muhogo. Katika nyumba ya watu tisa, kila saa ambayo mmoja anajitenga na kitabu, kuna mwenziwe anayefungua mlango, anayembembeleza mtoto, anayeangalia chungu kisiungue. Je, mtu mwenye jamaa ana haki ya kujitenga hivyo?

Wazee wetu wengi wangejibu hapana, na hawakuwa wajinga. Katika maisha ya ujamaa wa kweli mtu hupimwa kwa alivyo karibu na wenzake. Mwanamke akisuka ukili huku anazungumza na wageni, haambiwi kuwa amekaa bure. Ukili unaonekana unavyorefuka, na masikio yake yako barazani. Akikuna nazi juu ya mbuzi, hali ni hiyo hiyo. Lakini mtu akishika kitabu, masikio yake yameondoka. Yupo na hayupo. Wala hakuna kinachoonekana kurefuka. Ndiyo maana msomaji huambiwa: "Kwa kuwa hufanyi kitu, hebu nenda dukani." Maneno haya huwaudhi wasomaji, nami yamekwisha kuniudhi; lakini ndani yake mna dai la haki. Anayesema hivyo anauliza: wewe uliyekwenda mbali bila kuondoka, umetuachia nani zamu yako?

Si kila mtu huulizwa swali hilo kwa sauti moja. Mwezi wa Desemba, mimi na mke wangu tulipohesabu vitabu vyetu, vyake vilikuwa 9. Hamu yake ya kusoma haipungui yangu, na wepesi wake unapita wangu. Nilimwuliza sababu. Akajibu: "Wewe ukiketi na kitabu, watoto huambiwa, nyamazeni, baba anasoma. Mimi nikiketi na kitabu, husemwa, afadhali, mama amekaa; mwiteni." Katika vitabu vyote 17 sikukuta sentensi iliyonishughulisha kuliko hiyo. Kitendo ni kimoja, kitabu pengine ni kile kile, lakini kwa mmoja kinaitwa kusoma, na kwa mwingine kinaitwa kukaa. Nyumba haikukutana ikapiga kura juu ya jambo hili. Lugha imelikata kabla hatujazaliwa.

Wako wanaopenda kumaliza mjadala kwa mfano mkubwa. Husema kwamba Mwalimu Nyerere aliiongoza nchi changa, na bado akaitia katika Kiswahili tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar, iliyotoka mwaka 1963, kisha akatoa Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Basi wewe una shughuli gani kuliko Rais? Mfano huu ni wa kweli na unatia moyo. Nimeutumia mimi mwenyewe kuwasuta vijana. Hata hivyo, haujibu swali letu. Unaonyesha kwamba mtu mwenye mzigo mkubwa wa fikra aweza kusoma na kuandika. Hauonyeshi ni nani humpokea mzigo mwingine, ule mdogo mdogo usiokwisha, wa maji na chumvi na sare za shule. Kiongozi wa nchi hasumbuliwi kitabuni kwa kuulizwa ufunguo wa kabati uko wapi. Mama wa nyumba huulizwa.

Kwa hiyo mfano wenye nguvu zaidi kwangu ni mwingine, na umekaa pwani yetu ya kaskazini kwa zaidi ya karne moja na nusu. Mwana Kupona binti Msham wa Siu, katika kisiwa cha Pate, alitunga utendi wake karibu na mwaka 1858 akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake. Alifariki miaka michache baadaye. Wasomaji wa leo hugombana na utendi huo, hasa wasichana wa sekondari, kwa sababu unamfunza binti namna ya kumtumikia mume. Ugomvi wao una haki yake na mwalimu asiuzime. Lakini mara nyingi tunasahau kutazama kitendo chenyewe nje ya maneno. Hapa yupo mama aliyezungukwa na maradhi na malezi, naye akaitwaa saa, akaifanya yake, akatunga. Saa hiyo hakuiiba kwa mtoto wake, kwa sababu aliyoyapata ndani yake alimrudishia mtoto huyo huyo. Nadhani hapo pana mlango. Saa ya msomaji ni ya mkopo, na mkopo una njia ya kulipwa.

Namna moja ya kulipa tuliwahi kuijua kama taifa, na tumeiacha ififie. Sensa ya 1967 ilionyesha kwamba karibu theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania Bara hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikusanyika kwa makundi kuizunguka redio, wakasikiliza, kisha mmoja wao akawasomea kijitabu, wakajadiliana, na baada ya mjadala wakashika majembe kwenda kuchimba vyoo. Mama mkwe wangu alikuwa katika kundi mojawapo, chini ya mwembe, na mtoto mgongoni. Kwake yeye hadi leo kusoma si jambo la kufanywa kimya. Macho yake yamekwisha nguvu, lakini akiona mtu anapitisha macho juu ya karatasi bila kutoa sauti, humwuliza, kwa mzaha na kwa kweli pamoja: "Unamficha nani?"

Kwa ajili ya swali hilo, tuliweka desturi ya kusoma kwa sauti kila Ijumaa baada ya chakula cha usiku, watu wote mkekani, mmoja akichambua mchele wa kesho, mwingine akisukwa nywele. Tulianza na Wasifu wa Siti binti Saad, wa Shaaban Robert. Mama mkwe alifurahi mno kusikia kwamba msanii yule mkubwa hakupata kujifunza kusoma wala kuandika, akazihifadhi nyimbo zake kichwani. Alitutazama mmoja mmoja, hasa mimi mwenye vitabu, kama aliyeshinda kesi.

Baadaye tukasoma Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobeli ya fasihi mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 1994. Tafsiri ya Kiswahili, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, ilitoka mwaka 2022. Ni habari ya Yusuf, mvulana wa miaka 12, ambaye anaondoka kwao na tajiri anayemwita ami, akidhani anakwenda kutembea. Akifika pwani anaelezwa na kijana mwenzake wa dukani kwamba tajiri yule si ami yake, na kwamba yeye amewekwa rehani kwa deni la baba yake.

Tulipofika hapo, binti yetu yule wa kutoka kijijini, aliyekuwa akichambua mchele, aliuliza: "Alijua siku gani kwamba yeye si mgeni?" Hakuna aliyejibu upesi. Mke wangu akaweka chini kitana, akasema: "Wewe ni mwanangu." Binti akajibu kwa adabu, bila kuinua macho kwenye ungo: "Najua, Mama Mkubwa. Nimeuliza habari za Yusuf."

Nimelifikiri jibu hilo miezi mingi. Huenda aliuliza habari za Yusuf tu. Huenda aliuliza yake, kisha akaona ukubwa wa swali, akalirudisha kitabuni lilikotoka. Katika nyumba nyingi za Tanzania mna mtoto wa jamaa aliyekuja kusoma, ambaye pia huosha vyombo. Na mpaka kati ya kulelewa na kutumikishwa haukuchorwa kwa wino. Sikuona kwamba ni haki yangu kumchunguza. Lakini naliona hili: kama kitabu kile ningekisoma peke yangu alfajiri, ningekisifu, ningekirudisha rafuni, na swali lile lisingepata pa kutua. Kitabu kilimpa mtoto asiye na mamlaka ndani ya nyumba njia ya kusema mbele ya wote bila kumvunjia mtu heshima. Toka siku ile vyombo vya Ijumaa vimegawanywa upya kwa zamu, na zamu ya kwanza walipewa wavulana. Hakuna aliyetoa hotuba.

Msomaji atadhani sasa kwamba nataka vitabu vyote visomwe mkekani. La. Viko vitabu visivyoweza kusomwa mbele ya mkwe. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilizuiwa shuleni kwanza, kisha ikaja kufundishwa. Nami siwezi kuisoma kwa sauti nikiwa nimekaa na mama mkwe kulia na binti zangu kushoto. Hata hivyo binti zangu wanapaswa kuisoma, kwa sababu ukali wa baba usio na mazungumzo, na gharama anayoilipa mtoto wa kike kwa ukali huo, ni mambo wanayoyaona mitaani. Kila mmoja aisome peke yake, afunge mlango kama una komeo. Kuna mambo ambayo nafsi haiyasikii mpaka itoke kelele nje. Shairi nalo ni hivyo. Sijapata kutunga ubeti wa maana kati ya watu, ingawa kila ubeti niliotunga ulitoka kwao.

Kwa walimu nina neno moja la kuongeza. Mwanafunzi wetu husoma kitabu cha fasihi kwa ajili ya mtihani, akajua wahusika na dhamira kwa orodha, na siku ya kumaliza mtihani akakifunga kwa furaha kama mfungwa aliyemaliza kifungo. Mtoto huyu hakukosa kufundishwa kusoma. Amekosa kuona mtu mzima akisoma bila kulazimishwa. Amemwona baba na gazeti la mpira, amemwona mama na madaftari ya kusahihisha, na wote amewaona na simu. Mtoto akiona mama yake ameshika kitabu, na nyumba nzima imenyamaza kwa ajili hiyo, atajifunza mawili kwa siku moja.

Tangu Januari kwetu asomaye alfajiri ndiye awashaye jiko na kuinjika maji ya chai. Jumamosi, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, chumba cha nyuma ni cha mke wangu, na hodi zote hujibiwa na mimi. Mgeni mmoja aliniuliza kama shemeji anaumwa. Nikamjibu kwamba anasoma. Akanyamaza kidogo, kisha akasema basi atangoja.

Binti wa kijijini amechukua rafuni Kuli ya Adam Shafi, riwaya ya mwaka 1979 juu ya wafanyakazi wa bandari ya Unguja. Tulimwambia kwamba tungeweza kuiweka katika zamu ya Ijumaa. Ameomba asisomewe, na asisomee watu. Anataka aisome peke yake. Wakati tumekwisha kumpa. Tunamtafutia mahali.