Mbuga Iliyopandwa kwa Mkono

Kundi la wageni linapoingia katika mbuga ya Curtis mjini Madison, Wisconsin, huona nyasi zinazompita mtu kimo na kuziamini kuwa za tangu enzi. Kisha kiongozi wa matembezi huwaeleza kwamba hapa palikuwa shamba, likalimwa kwa miaka mingi, na kuanzia 1935 vijana wa mradi wa ajira wa serikali ya Marekani wakairudisha mimea iliyotoweka, kwa mbegu na kwa mabonge ya udongo wenye mizizi. Ekari zipatazo 70. Je, wanamotembea ni katika maumbile, au katika kazi ya mikono iliyovishwa sura ya maumbile?

Mwanafalsafa Robert Elliot wa Australia alilijibu swali hili mwaka 1982 kwa mfano wa mchoro wa kughushi: hata ukifanana kabisa na ule wa asili, haulingani nao thamani, kwa kuwa thamani ya kitu imo pia katika chimbuko lake. Hoja hii ina uzito, na haijibiwi kwa kusema kwamba macho hayaoni tofauti. Lakini mfano wenyewe unapwaya. Mchoro ukitoka mkononi mwa mghushi umekwisha. Mbegu ikitoka mkononi mwa mpanzi ndiyo kwanza inaanza. Kwa zaidi ya miaka 80 mimea hiyo imehama, imesukumana, mingine imekufa palepale ilipopandwa na mingine kuota isikotarajiwa. Tena chimbuko linalosifiwa halikukosa mkono wa mtu. Wenyeji wa Amerika walizichoma mbuga hizi kwa makusudi, na walowezi walipouzima moto, vichaka na miti vikaanza kuzimeza. Majaribio ya miaka ya 1940 papo hapo Madison yalionyesha kwamba moto huisaidia mimea ya mbuga kushindana na nyasi za kigeni.

Mwanafalsafa mwingine, Eric Katz, aliyeuita urejeshaji wa namna hii uongo mkubwa mwaka 1992, ana pingamizi gumu zaidi: tukiamini kwamba tunaweza kutengeneza tulichoharibu, tutaharibu bila hofu. Hofu hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, hapa mfano unaofaa ni wa toba. Katika Uislamu, anayetubia dhuluma hana budi kurudisha alichochukua, na hakuna asemaye kwamba kwa kuwa ipo dia, basi kuua ni halali. Arudishaye hadai kwamba hakuiba. Mghushi, kinyume chake, huishi kwa kunyamaza. Ndiyo maana maneno ya kiongozi si pambo la matembezi. Bila hayo, Elliot angekuwa amesema kweli.

Na kukiri huko hakuwezi kuishia kwenye mimea. Ardhi hii ilikuwa ya Waho-Chunk, mojawapo ya jamii za Wenyeji wa Amerika, walioshurutishwa kuiachia kwa mkataba wa 1832. Kutaja mbegu na kuwanyamazia wao ni kughushi kwingine. Matembezi yafike pia upande wa majimaji, ambako maji ya mvua yatokayo mitaani huingia na nyasi vamizi zimeifunika mimea iliyopandwa. Huko mgeni huona mwenyewe sehemu ya deni ambayo kazi ya miaka yote hiyo haijaweza kuilipa.