Haki ya Mdudu Sandukuni

Tumezoea kuhesabu wanyama tunaowafuga kwa faida zao. Ng'ombe hufugwa kwa maziwa, kuku kwa mayai, mbwa kwa ulinzi na paka kwa vita vyake na panya. Hata ndege wa tunduni hulipa chakula chake kwa wimbo. Lakini wako watu duniani wanaofuga mdudu mweusi asiyeimba, asiyelinda, asiyemjua bwana wake wala asiyeitika aitwapo. Mdudu huyo ni mbawakawa wa giza. Wengi wakisikia habari hii hucheka. Kicheko si hoja, na swali lililojificha nyuma yake lastahili jibu: mtu ana wajibu gani kwa kiumbe asiyeweza kumpenda, kumlipa wala kumshtaki?

Jamii ya mbawakawa wa giza ni kubwa. Aina zilizokwisha kutambuliwa zazidi 20,000. Mwaka 1758 Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, alimwita mmoja wao Tenebrio molitor. Neno la kwanza lamaanisha mwenye kuukimbia mwanga, na la pili msagaji wa nafaka, kwa kuwa mdudu huyo alionekana sana katika vinu na maghala ya unga. Ndugu zake wengine hukaa chini ya magome ya miti, na wengine katika majangwa makavu kabisa. Katika jangwa la Namib yuko mmoja ambaye hupanda juu ya kilima cha mchanga alfajiri, akainamisha kichwa na kuinua kiuno, mpaka ukungu utokao baharini ukageuka matone mgongoni mwake na kutelemka hadi kinywani. Wataalamu walieleza jambo hilo mwaka 1976. Kiumbe anayejua kunywa ukungu hawezi kuitwa kitu bure.

Wajibu wa kwanza wa mfugaji ni kumjua amfugaye. Hapa macho ya haraka hudanganya, maana si kila mbawakawa mweusi aliye chini ya jiwe ni wa jamii hii. Mwenye kutaka hakika hana budi kuhesabu pingili za nyayo. Mbawakawa wa giza ana pingili tano katika miguu ya mbele na ya kati, na nne katika miguu ya nyuma. Kwa kawaida vipapasio vyake vina pingili kumi na moja, na mashina yake hufichwa na ukingo wa kichwa. Macho yake mara nyingi yamebonyea upande mmoja kama harage. Mbawakawa mwindaji wa ardhini, ambaye kwa mbali hufanana naye, ana pingili tano katika miguu yote sita. Tofauti hiyo ni ya pingili moja tu, lakini matokeo yake ni makubwa. Anayemtia mwindaji katika sanduku la wala pumba ameandaa mauaji. Na anayempa mwindaji pumba peke yake ameandaa njaa. Kosa la macho ya mmoja huwa mauti ya mwingine. Kwa hiyo, katika kazi hii, maarifa si pambo la akili, bali ni sehemu ya haki. Nasi ambao kila siku huwahukumu wenzetu kwa rangi na sura twafaa kujiuliza kama tumewahi kuwachungua hata kwa kiasi hicho.

Wajibu wa pili ni kutii maumbile ya kiumbe mwenyewe. Kumzalisha mbawakawa wa unga si kazi ngumu. Sanduku lenye pumba za ngano, kipande cha karoti au kiazi kwa ajili ya maji, na joto la kadiri, vyatosha. Mayai huangua mabuu membamba ya manjano, ambayo hukua kwa miezi kadhaa na kujivua ngozi mara nyingi. Kisha buu huwa pupa mweupe, asiyekula wala kukimbia. Mwisho mbawakawa hutoka akiwa mweupe, akawa wa kahawia, kisha mweusi. Lakini mfugaji mzembe hupata hasara, kwa sababu wakubwa huweza kula mayai yao wenyewe, na pupa asiyejiweza hutafunwa na walio karibu naye. Lazima atenge rika na rika.

Ajabu zaidi ni jamaa yake mkubwa wa Amerika ya Kati na ya Kusini, Zophobas. Buu wake akiwa katika kundi hukataa kugeuka, hata umri wake ukitimia. Akitengwa peke yake, hujikunja, na baada ya siku kadhaa huwa pupa. Sababu yafahamika: katika msongamano, pupa angeliwa. Mfugaji hawezi kumwamuru wala kumbembeleza. Aweza tu kumpa nafasi na kungoja. Basi ni nani hapa mtumishi, na ni nani bwana?

Sasa twafikia ugumu wa jambo lenyewe. Buu yule yule anayepewa jina na kuombolezwa katika nyumba moja, katika nyumba nyingine humwagiwa kuku. Mwaka 2021 Umoja wa Ulaya ulimruhusu kuwa chakula cha watu. Katika Kenya, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, kilichoasisiwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, kilitangaza mwaka 2024 kwamba buu wa jamii hii hii aweza kutafuna plastiki nyepesi inayofungiwa bidhaa. Je, tofauti ya chakula, mtumishi na kipenzi imo katika mdudu? La, imo ndani yetu. Kwa hiyo baadhi ya watu husema kwamba kumpenda mdudu ni upuuzi, na wengine husema kwamba kumwua ni dhambi daima.

Sikubaliani na upande wowote. Haki ya kiumbe haizaliwi na mapenzi yetu. Mapenzi hutufumbua macho tu tukaiona. Kama buu wa kipenzi astahili unyevu, nafasi na chakula, buu wa kuku astahili vivyo hivyo mpaka saa yake ifike, na saa hiyo iwe fupi. Atakayesema kwamba mdudu hahisi maumivu amesema zaidi ya ujuzi wake, kwa maana wataalamu wangali wakibishana. Penye shaka, wema ndio salama. Na hapa gharama ya wema ni kipande cha karoti.

Tena mapenzi yenyewe yahitaji kuhukumiwa. Katika jangwa la Sonora, Marekani na Meksiko, yuko mbawakawa aitwaye Asbolus verrucosus, aliyepakwa nta ya rangi ya buluu inayomhifadhia maji mwilini. Akiguswa hukakamaa na kujifanya maiti. Huishi miaka, naye hupendwa sana na wafugaji. Lakini kumzalisha sandukuni ni kazi ngumu mno, na wengi wanaouzwa wameokotwa jangwani. Kila amtamaniye hutuma mkono mwingine kuokota. Anayeuondoa uzuri mahali pake, nao usizae tena, hajaupenda uzuri; amejipenda mwenyewe. Afadhali mweusi wa pumba, asiye na sura, ambaye uzao wake hujaza masanduku. Kadhalika mfugaji asiachilie nje mdudu wa nchi ya mbali kwa jina la huruma, wala asisahau ghala la jirani. Mdudu mwekundu anayeharibu unga wetu ni wa ukoo huu huu, na huruma kwa mdudu haifuti deni letu kwa mwenye njaa.

Mdudu hana wakili wala baraza. Akiachwa akauke, hakuna atakayeuliza. Ndiyo maana sanduku lake ni mizani nzuri ya tabia. Wema tunaowatendea wenye nguvu huenda ni woga, na tunaowatendea wenye mali huenda ni biashara. Bali wema kwa asiyeweza kulipa wala kulalamika hauna jina jingine. Kijana atakaye kufuga, na azihesabu kwanza pingili za nyayo, ajue ni nani aliye mbele yake na anahitaji nini. Akiona hawezi kumpa hayo, amrudishe chini ya jiwe alikomtoa, na jiwe alilaze kama alivyolikuta.