KUPISHA MUDA BAINA YA UZAZI: HAKI YA MAMA NA HAKI YA MTOTO

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanaadamu katika tumbo la mamaye. Rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika mwaka 1994 Wizara ya Afya ya Oman ilianzisha mpango wa kupisha muda baina ya uzazi, na huduma yake ikatolewa bure katika vituo vya afya vya Serikali. Katika miaka ya 1980 mwanamke wa Kiomani alikuwa akizaa kwa wastani watoto zaidi ya 7, na si wachache waliobeba mimba ilhali wananyonyesha. Wanawake wa kujitolea wakaingia majumbani kuwanasihi wanandoa vijana. Wapo waliosema kuwa nasaha hiyo yapingana na dini. Basi jambo hili lipimwe kwa mizani ya Sharia, si kwa mizani ya mazoea.

Kwanza, Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara, aya ya 233, amemwekea mtoto miaka miwili kamili ya kunyonya kwa anayetaka kuitimiza. Akaruhusu kumwachisha ziwa kabla yake, kwa sharti wazazi wawili waridhiane na kushauriana. Ikiwa kumwachisha mtoto ziwa kumehitaji shauri la wawili, vipi mimba mpya itakuwa amri ya mume peke yake, au ya mama mkwe?

Pili, Sahaba Jabir bin Abdillahi (R.A.) amesimulia kwamba Masahaba walikuwa wakifanya azli, yaani mume kumwaga nje, zama Qurani inateremka, wala hawakukatazwa. Na wanazuoni wengi wameshurutisha idhini ya mke, kwani naye ana haki katika mtoto.

Tatu, matabibu nao wanashauri ipite miezi 24 baada ya kuzaa kabla ya kubeba mimba nyingine. Mimba zikifuatana upesi, mama huzidiwa na upungufu wa damu, na mtoto huhofiwa kuzaliwa kabla ya wakati wake au na uzito mdogo. Wala mama asitegemee kunyonyesha peke yake. Kinga yake ni kwa miezi 6 ya mwanzo, iwapo mtoto ananyonya tu, mchana na usiku, na hedhi haijarejea. Baada ya hapo na amwendee daktari.

Atakayesema, "Riziki iko kwa Mungu," amesema kweli. Aya ya 31 ya Suratul Israa imekataza kuua watoto kwa kuogopa ufukara. Lakini kupisha muda si kuua, wala si kukata kizazi kabisa bila ya dharura, jambo ambalo halijuzu. Anayepisha kwa kuitilia shaka riziki ya Mola wake ameharibu nia. Anayepisha kwa kumhurumia mama na kumtimizia mtoto ziwa lake, amechunga amana.

Mtume (S.A.W.) atajifakharisha kwa wingi wa umma wake. Wingi huo hauzidi kwa mama aliyekufa akizaa, ameacha wadogo wasio na wa kuwalea.

Mwenyezi Mungu awajaalie wanandoa vijana mapenzi na huruma, na awape kizazi chema chenye afya. Amin.