Haki ya Sisimizi Chini ya Mzeituni

Katika Surat An-Naml ya Qur'ani, sisimizi anawahimiza wenzake waingie makaoni mwao wasije wakapondwa na Nabii Sulaiman na majeshi yake bila wao kujua. Tazama uadilifu wa mdudu huyo: hawatuhumu askari kwa ukatili, bali anawapa udhuru wa kutojua. Lakini Sulaiman alijaliwa kuyaelewa maneno hayo, na aliyekwisha kuelewa hana tena udhuru huo. Je, mkulima anayejua kilichomo chini ya jembe lake ana wajibu ambao asiyejua hana? Nasema anao, na mashamba ya mizeituni ya Andalusia, kusini mwa Uhispania, yanaonyesha sababu.

Mkoa wa Jaén peke yake una mizeituni inayozidi milioni 60, na kwa miongo mingi ardhi iliyo kati ya miti imekuwa ikiachwa tupu, ama kwa kulimwa na trekta ama kwa dawa ya magugu. Sisimizi wavunaji wa jenasi ya Messor huishi kwa mbegu za magugu hayohayo. Yakiondolewa yote, hawana cha kuweka ghalani. Viota visivyo na kina huvunjwa na jembe. Kisha kuna nondo wa mzeituni, mwenye vizazi 3 kwa mwaka: kimoja hula majani, cha pili maua, cha tatu huingia ndani ya tunda. Sisimizi wa jenasi ya Tapinoma hupanda mtini na kuwinda viwavi wake, lakini dawa inayopulizwa kwa ajili ya nondo haichagui. Mwindaji naye hufa.

Mtu atasema kwamba Tapinoma huyohuyo huwalinda wadudu gamba ili anywe utomvu wao mtamu, na hula hata mayai ya wadudu wanaomsaidia mkulima. Ni kweli, na ndiyo maana haki ya sisimizi haiwezi kusimama juu ya faida peke yake. Mwingine atasema kwamba katika nchi kavu magugu huinyang'anya mizeituni maji, na mkulima ana watoto wa kulisha. Hilo nalo ni kweli, lakini halihalalishi kila kitu. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inamtaja Nabii aliyeumwa na sisimizi mmoja akachoma kijiji chao kizima, naye akalaumiwa kwa kuangamiza umma kwa kosa la mmoja. Lawama iko kwenye kupita kiasi. Mkulima anaweza kuacha majani yakue majira ya mvua, akayafyeka kabla ya kiangazi ili yasiinyang'anye mizeituni maji, na akapuliza dawa pale tu anapohesabu nondo na kuona wamezidi.

Umoja wa Ulaya ulikataa mwaka 2019 kuongeza muda wa kibali cha dimethoeti, sumu iliyotumika sana kwenye mizeituni. Sheria inaweza kuondoa sumu moja, lakini dhamana ya ardhi inabaki mikononi mwa anayeilima. Kuua kwa haja kunaweza kusamehewa. Kuua kwa mazoea, baada ya kujua, ni dhuluma, hata kama aliyedhulumiwa hana wa kumshtakia.